Rangi Tatu za Baraza la Rwabishenga

Inatangazwa kwa raia wote wa Gombolola ya Rwabishenga, kuanzia njia panda ya Nkwenda hadi malisho ya Mabira, wafugaji, wakulima, na wale ambao kazi yao bado haijafahamika ofisini, kwamba idadi halali ya rangi ni tatu.

Tangazo hilo niliandika mimi, Placidius, Karani Mkuu wa Baraza. Nilikuwa pia karani pekee, lakini hilo halipunguzi cheo. Nililisoma kwa sauti mbele ya jengo jipya la mahakama, mwaka ule wa 1951, nimevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na watu wakapiga makofi. Baadaye nikaambiwa walidhani nimetangaza kupunguzwa kwa kodi.

Naomba nilieleze jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu limesimuliwa vibaya na watu wasio na elimu, na vibaya zaidi na wale walio nayo.

Jengo lilikuwa la matofali, lenye bati juu, la kwanza kwetu, na Bwana Shauri wa Bukoba, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa ameahidi kuja kulifungua. Mkuu wetu wa gombolola, Mzee Rwegoshora, alilitazama akaona kasoro. Ukuta wa mbele, juu ya kiti chake, ulikuwa mtupu. Alisema ukuta mtupu humfanya mgeni awatazame watu, na akianza kuwatazama watu ataanza kuwauliza maswali. Ikaamuliwa ichorwe picha kubwa. Ikaamuliwa iwe picha ya ng'ombe, maana watu wa vilima hivi hawasimami kutazama kitu kisicho na pembe.

Aliletwa mchoraji kutoka Bukoba, Gaudiosus, mtu mwembamba, mwenye maringo, aliyekuwa amechora watakatifu katika makanisa kadhaa ya huko ziwani. Alifika na mfuko wake, akakaa barazani, akakataa chai, akakataa kuufungua mfuko mpaka ajibiwe swali moja.

"Rangi ngapi?"

Tukatazamana. Sheria za gombolola zilikuwa zinataja mbwa wasiofungwa, pombe, vyoo na ndoa. Rangi hazikutajwa popote. Palepale nikaunda Kamati ya Idadi ya Rangi. Wajumbe walikuwa Mkuu, mimi, na Mzee Kashaija kwa niaba ya wafugaji wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amejikalia karibu na mlango akijikinga jua.

Kabla sijafika kwenye kikao chenyewe, nitaje kidogo shauri la mama Komujuni, ambalo halihusiani kabisa na rangi. Nalitaja ili tu ionekane kwamba ofisi ilikuwa na kazi nyingi.

Mama huyu alikuwa mjane, analea wajukuu walioachwa na binti yake, na mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo aliingia katika shamba la maharage la Mkuu. Akakamatwa kama kizibiti. Kesi ikasikilizwa, mama akashinda, kwa sababu ilithibitika kwamba ua lilivunjwa na ng'ombe wa Mkuu mwenyewe, na yule wa mama alipita tu pale palipokwisha kupitwa. Mama akaja na kamba yake kumchukua ng'ombe. Ng'ombe hayupo. Mkuu akaeleza kwa masikitiko kwamba alitoroka usiku, akavuka mto Kagera, akaingia Rwanda. Nikaandika: ng'ombe amevuka mpaka bila kibali. Nikamwambia mama asubiri majibu kutoka ng'ambo.

Akasubiri. Kila siku ya baraza alikuja na ile kamba, ameikunja vizuri begani, akasimama mbele ya meza yangu. Alikuwa na umri wa mama yangu mzazi, lakini ofisi haiwezi kumwamkia mtu, kwa hiyo tulianza moja kwa moja na shauri. Yeye alisema Kinyambo, nami nikamjibu kwa Kiswahili cha polepole, ili kimwingie.

"Rangi ya ng'ombe?" nilimwuliza mara ya kwanza, kwa sababu ofisi hutaka kujua.

"Mwekundu, karani. Wekundu wa udongo wa kichuguu mvua ikishapita. Ubavuni ana madoa meusi, kama aliyerushiwa matope. Kwenye paji la uso ana weupe ulioegemea upande wa kushoto. Mguu wa nyuma wa kulia..."

"Rangi moja, mama."

"Ng'ombe gani huyo wa rangi moja?"

"Nafasi iliyopo inatosha rangi moja."

Akafikiri. "Basi andika Mayenje."

"Hiyo si rangi. Hilo ni jina."

"Sisi tukimwona, tunamwita. Utamwitaje bila kumtazama?"

Nikaandika: rangi, ya ng'ombe. Lazima mnielewe. Mimi ni mtu wa upande wa Muleba, wa migomba na kahawa. Nyumbani kwetu ng'ombe alikuwa mbolea inayotembea. Alikaa gizani nyuma ya nyumba, akala maganda, akatoa alichotoa, na migomba ikastawi. Hatukuwahi kumtazama usoni.

"Wajukuu wanakunywa maji ya maharage," mama alisema. "Mdogo anauliza Mayenje atarudi lini."

"Mwambie shauri linashughulikiwa."

Na lilikuwa linashughulikiwa. Nilikuwa nalihamisha kutoka upande mmoja wa meza kwenda upande wa pili.

Niseme pia kwamba Mkuu alikuwa mtu mwenye kuwajali watumishi. Tangu masika alikuwa ananiletea maziwa, kibuyu kizima kila asubuhi, mazito, matamu, yenye utamu fulani wa mwisho ambao unabaki kooni. Nilinenepa. Mkanda wa kaptula nikautoboa upya. Nilikuwa nikimsikiliza mama Komujuni huku nikijifuta mdomo, na wala sikuona ajabu yoyote.

Sasa kikao.

Mkuu alifungua mjadala kwa kusema rangi iwe moja. "Nyekundu. Ng'ombe mwekundu mtupu, toka pembe mpaka mkia. Serikali ni moja, na rangi moja."

Mzee Kashaija akacheka mpaka akashika ubavu. "Waitu, wekundu watupu wamejaa nchi nzima! Mtu atajuaje ni yupi?"

"Ndiyo maana," alisema Mkuu, kisha akakohoa. Nilidhani ni vumbi la matofali mapya.

Kashaija alitaka rangi zote. Nikamwambia azitaje ili kamati izifahamu. Kosa langu. Akaanza na bihogo, mwekundu wa giza, akaja gaju, wa kahawia, akaja mweupe wa maziwa na mweupe wa mfupa, mweusi wa sufuria na mweusi wa mawingu. Kwa kila rangi alisimama kidogo kutuambia nani alikuwa naye, aliolewa nani kwa ng'ombe huyo, na alikufa kwa ugonjwa gani. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Alipofika kwenye ng'ombe wa rangi ya majivu ya jana, tofauti kabisa na yule wa majivu ya leo, nikamkatiza.

Nikasimama. Sijui kama nimewahi kusema vizuri kuliko siku ile. Nilieleza kwamba rangi moja ni ubahili na rangi nyingi ni ulevi. Nilieleza kwamba maendeleo yote ya binadamu yamepatikana katikati. Nilitaja mafiga, nilitaja Utatu, nilitaja mashahidi wanaotakiwa kwenye mauzo ya shamba. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, nikasema, wala si zaidi. Gaudiosus akaitikia kwa kichwa kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kwa rangi moja nitawapakia ukuta," alisema. "Kwa tatu nitawachorea ng'ombe."

Mkuu alinitazama kwa muda mrefu. Mimi niliona ni heshima.

"Placidius," akaniambia tukiwa wawili, "kwa nini unapenda kujisumbua?"

"Ni wajibu, mzee."

Angeweza kunikatalia, lakini nilikuwa nimekwisha kumwandikia Bwana Shauri nikimwomba baraka zake juu ya rangi tatu, nami sikuwa nimeona haja ya kumchelewesha mtu mkubwa kwa kusubiri kura. Jibu lilirudi na lori la kahawa. Lilisema: Sawa. Tangu siku hiyo rangi tatu zikawa za serikali, na Mkuu hakupinga tena.

Utekelezaji haukukosa matatizo madogo. Wanawake waliokuwa wanakwenda sokoni Nkwenda walianza kufunika ndizi mbivu kwa kanga, kwa hofu ya unjano. Kijana mmoja aliyefaulu kupata shati la bluu alilivaa ndani nje. Mzee Kashaija akaja ofisini, uso mkavu kabisa, kuuliza kama ng'ombe wake wanaweza kuendelea kula majani yakiwa ya kijani. Nikabandika ufafanuzi: majani yanaruhusiwa kuendelea kama yalivyo hadi itakapotangazwa vingine. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Kisha Gaudiosus akauliza swali la pili.

"Ng'ombe yupi?"

"Ng'ombe tu," nikasema. "Mchore."

"Mimi sichori vya kichwani, karani. Nachora nilichokiona. Mtakatifu Petro wangu kule Bukoba ni muuza samaki. Watu wakiingia kanisani wanamtambua, wengine wanamwuliza bei."

Mkuu siku hizo alikuwa ameitwa Bukoba kwenye mkutano wa wakuu, na mamlaka yalikuwa mikononi mwangu, au angalau hapakuwa na mtu mwingine barazani. Nikaona ni haki ng'ombe wa picha awe wa Mkuu mwenyewe. Nikamtuma Gaudiosus kwenye zizi lake la ndani kule Mabira, nyuma ya kilima, mahali wasipopita watu, nikampa agizo la maandishi: atafutwe ng'ombe mwenye rangi zote tatu zilizoidhinishwa, zisipungue wala zisizidi.

Alirudi jioni amefurahi. Zizi zima, alisema, lilikuwa na ng'ombe mmoja tu anayetimiza sheria. Mchungaji alikuwa amekataa kumtoa, eti Mkuu ameagiza huyo asionekane, lakini alipoonyeshwa mhuri wangu akalegea. Nikajisikia vizuri sana. Si kila siku mhuri unafika Mabira.

Picha ilichorwa milango ikiwa imefungwa, na ilipokwisha nikaifunika kwa nguo ya gome, nikaamuru asiione mtu. Mimi niliiona. Niliona ng'ombe.

Mkuu aliporudi alitaka kuchungulia. Nikasimama mbele ya mlango na kumweleza kwamba picha iliyoidhinishwa na Bwana Shauri haiwezi kuonwa kabla ya Bwana Shauri. Alinuna.

"Niambie tu. Ni mwekundu?"

"Kwa sehemu kubwa, mzee."

Akashusha pumzi, akaenda zake, na asubuhi yake kibuyu cha maziwa kilikuja kimejaa mpaka mdomoni.

Siku ya ufunguzi ilifika. Watu walitoka kila upande, wengine mbali mpaka kijiji cha Ndama, wafugaji na fimbo zao, wafanyabiashara wa Nkwenda na makoti yao, wanawake na watoto mgongoni. Mama Komujuni alikuwa nyuma kabisa, na kamba yake begani. Bwana Shauri akaketi. Mkuu akaketi chini ya ile nguo ya gome, amevaa kanzu mpya na koti. Nikapewa nafasi ya kusema, nami sikuiacha.

"Bwana Shauri," nilisema, "picha hii si ya kubuni. Kila doa mtakaloliona limetolewa kwa ng'ombe hai, mwenye afya, aliyeko katika zizi la Mkuu wetu mwenyewe kule Mabira, ambako analala hadi leo."

Nikasikia kiti cha Mkuu kikilia. Nikavuta kamba ya ile nguo.

Nguo ilianguka. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wote walitazama tu, na mimi nikaanza kuogopa kwamba rangi hazikutosha. Kisha sauti ya Mzee Kashaija ikatoka katikati ya watu, kubwa, ya furaha, kama anayemwona ndugu stesheni.

"Mayenje!"

"Mayenje!" wakaitikia wengine. "Ee, Mayenje wa Komujuni! Tazama paji! Tazama mguu wa nyuma!"

Baraza zima likawa linapiga kelele. Nikadhani hivyo ndivyo wafugaji wanavyosifu sanaa. Nikainama kushoto na kulia kupokea pongezi.

Mama Komujuni alipita katikati ya watu, na watu wakampisha. Alifika ukutani, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Mkuu, akaigusa ile alama nyeupe ya kwenye paji. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikabaki kwenye kiganja chake. Alikiangalia kiganja akalia, bila kujificha, mpaka wanawake waliokuwa nyuma yake nao wakaanza. Kisha akageuka, akasema maneno kwa Kinyambo.

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Shauri.

"Anaishukuru serikali, bwana," nikatafsiri. "Kwa jengo."

"Sishukuru," alisema mama Komujuni, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Nimesema huyu ni ng'ombe wangu. Na huyu karani ameniambia masika yote na kiangazi chote kwamba yuko Rwanda."

Yote yale niliyomwambia polepole, herufi kwa herufi, alikuwa akiyasikia vizuri toka neno la kwanza.

Mkuu alisimama, akacheka kidogo. "Bwana Shauri, hii ni picha tu. Mchoraji amejitungia. Watu hawa wakiona ng'ombe wanapagawa."

Nadhani angepona, kama angechagua neno jingine. Gaudiosus alikuwa ameegemea mlango anasafisha kucha. Akanyanyuka.

"Nani amejitungia? Mimi? Tazama sikio la kushoto, lina mkato. Nani anabuni mkato wa sikio? Nimekaa naye zizini kwako tangu asubuhi mpaka alipokuja kukamuliwa, amenilamba shati mpaka limelegea kola. Ana ndama anayenyonya, mwekundu, paji jeupe vilevile. Mkitaka nitamchora naye, nafasi ipo, ila mniongezee ukuta."

Bwana Shauri aliwasha kiko. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akanigeukia mimi.

"Karani. Ulisema ng'ombe huyu analala wapi?"

Hapo ndipo mtu mwingine angesahau. Mimi kumbukumbu yangu ilikuwa nzuri sana.

"Mabira, bwana."

"Kwenye zizi la nani?"

"La Mkuu wetu mwenyewe, bwana," nikasema, "ambako analala hadi leo."

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Iliamriwa ng'ombe arudishwe kwa mwenyewe, pamoja na ndama ambaye, kwa taarifa ya ofisi, alikuwa amezaliwa Rwanda. Mkuu akaomba kitu kimoja tu: ukuta upakwe chokaa. Nikaunga mkono hoja, nikataka niitishe kamati hapohapo. Bwana Shauri akakataa. Alisema yeye mwenyewe aliidhinisha rangi tatu kwa maandishi, hawezi kuzifuta, na kwa kweli picha anaipenda. Ibaki. Na kiti cha Mkuu kibaki palepale.

Kwa hiyo Mzee Rwegoshora aliendelea kuhukumu kesi za watu akiwa chini ya Mayenje. Hakuna aliyemtazama tena usoni. Wadai na wadaiwa walikuwa wanaangalia juu kidogo ya kichwa chake, kwa heshima, na mtu akitakiwa kuapa alinyoosha kidole hukohuko juu. Watu waliacha kusema wanakwenda barazani. Walisema wanakwenda kwa Mayenje. Mzee akaanza kuumwa kichwa, akajiuzulu kabla ya mavuno ya kahawa.

Kuhusu mimi, Bwana Shauri alisema kwamba karani aliyempeleka ng'ombe Rwanda kwa kalamu anaweza kumrudisha kwa miguu.

Nilimtoa Mabira alfajiri. Nilivaa kaptula nyeupe, kwa kuwa ilikuwa safari ya kikazi. Ng'ombe alitembea hatua chache, akasimama, akanitazama usoni. Nikamvuta. Nikamsukuma. Nikamsomea amri ya Bwana Shauri. Wachungaji waliokuwa wanapita waliketi chini kabisa ili wacheke vizuri.

"Mwite, karani," wakasema. "Huwezi kumwongoza mtu usiyemwita."

Sikutaka. Lakini jua lilikuwa linapanda. "Mayenje," nikasema, kwa sauti ya chini. Hakusikia, au alikuwa anasubiri majibu kutoka ng'ambo. "Mayenje!" nikapaza, nikamwita hivyo kilima hadi kilima, tukapita katikati ya soko la Nkwenda, mimi mbele nikiita, yeye nyuma, ndama nyuma yake, na watu wakinipigia makofi ambayo safari hii niliyaelewa.

Mama Komujuni alikuwa amesimama mlangoni na wajukuu. Yule mdogo alikimbia, akamkumbatia ng'ombe mguu, ule mguu wa nyuma wa kulia ambao sikumruhusu bibi yake amalize kunieleza. Ulikuwa mweupe toka gotini kwenda chini. Mtu yeyote angeuona.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Kwanza alimzunguka ng'ombe, akampapasa sikio lenye mkato, akamfungua kinywa, akamwambia maneno ambayo hayakunihusu. Aliifungua ile kamba begani, akaitundika ukutani. Ndipo akasema, "Marahaba, karani. Kaa."

Nikakaa kwenye gogo. Alichuchumaa, akamwachia ndama anyonye kidogo, akakamua. Wajukuu walikunywa kwanza, kila mmoja mpaka akapumua. Kisha akajaza kibuyu kidogo, akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

"Kunywa," alisema. "Uniambie kama ni yaleyale."

Kibuyu chake kilikuwa kimefukizwa kwa nyasi nyingine, na moshi wake ulikuwa mwingine. Lakini chini ya moshi kulikuwa na ule utamu wa mwisho unaobaki kooni. Watoto walikuwa wananitazama mdomo. Mama alikuwa anasubiri, na alikuwa na mazoea ya kusubiri.

"Ni yaleyale, mama," nikasema.